Mtoto wa Bwana Miti Aliyeidai Shell: Maisha ya Ken Saro-Wiwa

Novemba 1995 Watanzania walikuwa na shughuli yao. Uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe ulikuwa umefanyika tarehe 29 Oktoba, Dar es Salaam mambo yakavurugika mpaka kura zikabidi zirudiwe, na mazungumzo ya vijiweni yalikuwa ni hayo tu. Katikati ya hekaheka hizo, tarehe 10 Novemba, ndani ya gereza la Port Harcourt nchini Nigeria, wanaume tisa walinyongwa siku moja. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa vitabu na mtunzi wa vichekesho vya televisheni, mtu mfupi mvuta kiko, mwenye umri wa miaka 54. Jina lake Kenule Saro-Wiwa, dunia ikamzoea kama Ken.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Wengi wenu mnaosoma jarida hili pia hamkuwepo. Ndiyo maana ukitaja mazingira hapa chuoni, jina linalokuja haraka ni la Wangari Maathai, na anastahili kabisa. Lakini kupanda miti ni jambo ambalo kila mtu anakubali. Hata aliyechafua mto anakuja na miche yake na fulana zilizochapishwa nembo, anapiga picha, anaondoka. Saro-Wiwa alifanya jambo ambalo hakuna anayelipenda: alikaa chini akapiga hesabu ya kilichochukuliwa, akaandika jumla, akapeleka ankara. Kilichompata baada ya hapo ndicho ninachotaka kusimulia.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1941 Bori, katika nchi ya Waogoni, kwenye delta ya mto Niger. Baba yake, Jim Wiwa, alikuwa bwana miti, yaani askari wa misitu, baadaye akawa chifu. Waogoni ni kabila dogo. Eneo lao ni kama kilomita za mraba 1,000 hivi. Mkoa wetu wa Simiyu una zaidi ya 25,000, kwa hiyo fanya mwenyewe hesabu uone udogo wake. Kwenye kipande hicho walibanana watu wapatao nusu milioni, wakilima viazi vikuu na muhogo, wakivua samaki kwenye vijito vyenye mikoko. Ardhi ilikuwa na rutuba kiasi kwamba majirani walinunua chakula kwao.

Kijana Ken alikuwa na kichwa. Akapata nafasi Government College Umuahia, shule ileile aliyosoma Chinua Achebe, halafu Chuo Kikuu cha Ibadan, akasoma fasihi ya Kiingereza. Na hapa kuna tarehe mbili za kukumbuka. Mwaka 1956 Shell, wakati huo ikiwa pamoja na BP, ilipata mafuta ya kuuza huko Oloibiri, si mbali sana na kwao. Mwaka 1958 ikayapata Ogoni kwenyewe. Yaani mafuta yalifika kijijini akiwa bado kwenye sare za shule. Alikua nayo kama sisi tulivyokua na minara ya simu.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mashabiki wake huipita haraka. Vita vya Biafra vilipoanza mwaka 1967, Saro-Wiwa hakusimama upande wa waliojitenga. Alikwenda upande wa serikali ya shirikisho, akapewa usimamizi wa Bonny, mji wa bandari ambako mafuta ya nchi yalipakiwa melini. Fikiria hilo. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Biafra, Aprili 1968, na huyu ndugu yetu alikuwa ng'ambo ya pili ya mstari, analinda bandari ya mafuta kwa niaba ya Lagos. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya Biafra makabila madogo ya delta yangemezwa na Waigbo, na kwamba jimbo lao wenyewe la Rivers, lililoundwa 1967, lilikuwa kinga bora. Kuna Waigbo ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo. Mimi naona alikuwa anatafuta mahali ambapo watu wake wachache wangehesabiwa, na akafikiri serikali kuu ndiyo ingewahesabu. Jibu alilipata baadaye.

Alikuwa mwalimu kwa muda mfupi, na baada ya Bonny akaingia kwenye baraza la jimbo la Rivers, akashika wizara ya elimu akiwa hajafika hata miaka 30. Sisi wa kozi ya ualimu tunajua cheo hicho kina maana gani: unapanga shule zijengwe wapi, nani apate nafasi ya masomo, walimu waende wapi. Mwaka 1973 alifukuzwa. Kosa lake lilikuwa kuendelea kusema hadharani kwamba Waogoni wapewe uhuru wa kujisimamia mambo yao.

Angeweza kuishia hapo. Wengi huishia hapo. Alifungua duka la vyakula, akanunua nyumba za kupangisha, akapata hela. Watoto wakapelekwa kusoma Uingereza. Kwa kipimo chochote cha mtaani, jamaa alikuwa ametoboa.

Akarudi kwenye kalamu akiwa mtu mzima, na alipoanza hakushikika. Mwaka 1985 ilitoka riwaya yake ya Sozaboy, kuhusu kijana wa kijiji cha Dukana anayejiunga na jeshi bila kuelewa vita inahusu nini. Aliiandika kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe alikiita kilichooza: mchanganyiko wa pijini ya Nigeria, Kiingereza kilichovunjika, na sentensi chache safi zinazochomoza hapa na pale. Walimu wangu wa isimu wangetoa wino mwekundu mpaka uishe. Lakini ukisoma unasikia mtoto wa kijijini anavyofikiri. Sisi tuliotoka Bariadi tukifikiri kwa Kisukuma, tukijibu mtihani kwa Kiingereza na kununua vocha kwa Kiswahili, tunaijua hali hiyo vizuri.

Mwaka huohuo televisheni ya taifa ilianza kuonyesha kichekesho chake, Basi and Company. Kilimhusu jamaa mmoja wa Lagos aitwaye Basi, mvivu, hana kazi, anadaiwa kodi na mama mwenye nyumba, na kila wiki ana mpango mpya wa kuamka milionea. Mpango haukufaulu hata wiki moja. Kiliendelea mpaka 1990 na inakadiriwa watazamaji walifika milioni 30. Basi angekuwepo leo angekuwa hosteli kwetu, bumu limeingia asubuhi na mkeka umechanika jioni. Kicheko hicho kilikuwa na mwiba ndani. Nchi iliyopata mafuta ilikuwa imejifunza kungoja hela ambayo hakuna aliyeifanyia kazi, na Saro-Wiwa aliona kwamba ugonjwa wa Basi ndio ugonjwa wa ikulu.

Na huko nyumbani Ogoni ilikuwaje? Mabomba ya mafuta yalipita juu ya ardhi, mengine katikati ya mashamba na nyuma ya nyumba za watu. Yalipozeeka yakapasuka. Mafuta yakimwagika kwenye shamba la muhogo, hilo shamba umelipoteza kwa miaka. Yakifika kwenye mikoko, samaki hawana pa kuzalia. Halafu kuna moto. Mafuta ghafi yanapotoka ardhini huja na gesi. Kuikusanya hiyo gesi kunahitaji mitambo, na mitambo ni gharama, kwa hiyo njia rahisi ni kuiwasha palepale kisimani. Inawaka usiku na mchana, miaka nenda rudi, watoto hawajui giza la kweli likoje, masizi yanatua kwenye mabati na kwenye maji ya mvua. Nigeria ilitunga sheria mwaka 1979 kwamba uchomaji huo ukome ifikapo Januari 1984, isipokuwa kwa kibali. Vibali vikatolewa, faini zikawekwa ndogo, moto ukaendelea. Wakati huohuo akina mama wa delta hiyohiyo walikuwa wanapikia kuni.

Gesi ile haikuishia Ogoni. Kila mwali unapeleka hewa ukaa angani, na usipowaka vizuri unaachia methani, ambayo inalipasha joto dunia kwa ukali zaidi. Anga halina mpaka wa mkoa. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari wilayani Bariadi, nilikuwa naeleza mada ya tabianchi, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Alitaka kujua sisi huku tumechoma nini. Kwao wanapikia mabua ya pamba. Usafiri ni baiskeli na bodaboda. Mvua ya vuli imekuwa kama mgeni asiye na adabu, inakuja isipotakiwa na kutoweka pamba inapochipua, mto Simiyu unabaki mchanga, ng'ombe wanakonda. Darasa zima likanigeukia mimi. Kitabu cha kiada kilikuwa na kipengele cha athari na kipengele cha njia za kukabiliana. Kipengele cha nani alipe hakikuwemo.

Saro-Wiwa alikwenda moja kwa moja kwenye kipengele hicho. Wakati wa uhuru mwaka 1960, katiba ya Nigeria iliyapa maeneo yanayotoa rasilimali nusu ya mapato yake. Wakati huo rasilimali kubwa zilikuwa kakao, karanga na mawese, za makabila makubwa. Mafuta ya makabila madogo yalipokuwa ndiyo uchumi wa nchi, fungu hilo likaanza kukatwa na kukatwa, mpaka miaka ya 1980 likafikia asilimia 1.5. Yeye hakusema tu kwamba watu wake wanaonewa. Alizianika asilimia hizo. Aliandika mwaka kwa mwaka, nani alibadilisha nini. Kitabu chake cha 1992 juu ya maangamizi ya Waogoni kimejaa nyaraka na tarakimu, hakisomeki kwa raha hata kidogo, na nadhani hakukikusudia kiwe cha raha.

Wasukuma wana historia inayofanana na hii, ila hatufundishwi sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walichoka kuibiwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuanza na mawe. Walianza kwa kuweka watu wao wa kupima upya, kilo kwa kilo, mbele ya mnunuzi. Kutoka kwenye mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wake mkubwa, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani. Babu zetu wa Bariadi na Maswa waliuza pamba humo. Ninaposoma habari za Saro-Wiwa naona mtu aliyeleta mizani ya pili shambani.

Agosti 1990 wazee na viongozi wa Waogoni walitia saini tamko la haki za kabila lao. Walidai kujiendeshea mambo yao ndani ya Nigeria, sehemu ya haki ya mapato, lugha zao zitumike, na ardhi yao isiharibiwe zaidi. Hawakudai kujitenga. Chama chao, MOSOP, kikaanza kuzunguka kijiji kwa kijiji. Saro-Wiwa, mwenye nyumba na mtu wa televisheni, alikaa kwenye mikutano akieleza kwa lugha ya nyumbani vitu alivyoviandika kwa Kiingereza. Kukawa na mfuko wa naira moja: kila Mogoni, mkubwa kwa mdogo, achangie naira moja. Naira moja haikununua kitu cha maana. Lakini aliyetoa naira yake alikuwa ameshaingia kwenye daftari, na mtu akishaingia kwenye daftari anauliza. Ninyi mnaochangishana kwa ajili ya mwenzenu aliyekosa ada mnanielewa.

Desemba 1992 ankara ikapelekwa kwa Shell, Chevron na shirika la mafuta la taifa: dola za Marekani kama bilioni 10 kwa ajili ya mrabaha na uharibifu wa miaka yote hiyo, siku 30 za kujibu. Halafu tarehe 4 Januari 1993 watu wapatao 300,000 wakatembea. Zaidi ya nusu ya kabila zima walikuwa barabarani, wameshika matawi mabichi, na siku hiyo ikapita bila damu. Nimejaribu kufikiria zaidi ya nusu ya watu wa Bariadi wakitembea kwa jambo moja na nimeshindwa.

Baada ya hapo mambo yakabadilika haraka. Aprili mwaka huohuo wanajeshi waliwafyatulia risasi wanakijiji waliozuia ulazaji wa bomba jipya shambani mwao. Shell ikasitisha uchimbaji Ogoni mwaka 1993 na haijarudi kuchimba tangu hapo. Vijiji vya Waogoni vikashambuliwa, serikali ikisema ni ugomvi wa makabila, Waogoni wakisema silaha zile hazikuwa za wavuvi. Mwezi Machi mtoto wake Tedum alikuwa amefariki ghafla shuleni Uingereza. Juni akakamatwa, akakaa rumande kama mwezi mmoja.

Na ndani ya chama kukapasuka. Ulipokuja uchaguzi wa Juni 1993, Saro-Wiwa na vijana walitaka wasusie. Rais wa MOSOP na makamu wake, Edward Kobani, hawakukubali, wakajiuzulu, na Saro-Wiwa akawa rais. Hapa simwonei huruma sana. Ulimi wake ulikuwa mkali. Wazee waliotaka kuzungumza na serikali walichorwa kama watu waliouzwa, na kwenye eneo lenye hasira kiasi kile, neno la kiongozi halibaki neno. Tumeona hata kwenye siasa zetu za chuo, ambako hakuna mafuta wala risasi, namna mtu akiitwa msaliti kwenye kundi la WhatsApp asubuhi anavyoogopa kupita kwenye kantini mchana.

Tarehe 21 Mei 1994 wazee wanne wa Kiogoni waliuawa na kundi la watu huko Giokoo: Edward Kobani, Albert Badey, na ndugu wawili, Samuel na Theophilus Orage. Walikuwa wazalendo wa watu wao kama yeye. Siku hiyo Saro-Wiwa alikuwa amezuiwa na wanajeshi asiingie Ogoni, akarudishwa njiani. Kesho yake akakamatwa kwa madai kwamba aliwachochea wauaji. Sijaona popote ushahidi wa yeye kuagiza mauaji yale. Lakini familia za wale wanne zimekuwa zikiomboleza kwa miaka zaidi ya 30, mara nyingi bila dunia kuzikumbuka, na sioni namna ya kumwandika yeye kwa haki nikiwaruka wao.

Serikali ya kijeshi ya Jenerali Sani Abacha iliunda mahakama maalumu, yenye mwanajeshi ndani yake na isiyo na rufaa. Mashahidi wawili walikula kiapo baadaye kwamba walihongwa watoe ushahidi wa uongo. Shell imekana tuhuma zote za kuhusika. Mawakili wake, akiwemo Gani Fawehinmi, waliona hakuna kesi pale, wakajitoa. Mwishoni mwa Oktoba 1995 hukumu ikatoka, siku chache baadaye baraza la kijeshi likaithibitisha, na tarehe 10 Novemba kamba ikafanya kazi. Pamoja naye walinyongwa Barinem Kiobel, Saturday Dobee, Paul Levura, Nordu Eawo, Felix Nuate, Daniel Gbokoo, John Kpuinen na Baribor Bera. Nimewataja wote kwa makusudi, kwa sababu kwenye vichwa vya habari huwa ni yeye na wengine wanane. Hawakurudishwa kwa familia. Walizikwa makaburi ya Port Harcourt bila alama.

Viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wamekutana New Zealand siku hizohizo. Wengine, pamoja na Mandela, walikuwa wameamini kwamba kuzungumza na Abacha kimyakimya kungesaidia. Nigeria ikasimamishwa uanachama. Mafuta yake yakaendelea kununuliwa.

Kesi zikaanza polepole. Mwaka 2009 Shell ilikubali kulipa dola milioni 15.5 kwa familia za marehemu na Waogoni wengine waliofungua shauri New York, bila kukiri kosa. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti baada ya kupima zaidi ya sehemu 200 za Ogoni. Katika kijiji kimoja cha Ogale, karibu na bomba la shirika la mafuta la taifa, visima vya maji ya kunywa vilikuwa na benzini, kemikali inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoruhusiwa na Shirika la Afya Duniani. Usafishaji, walisema, ungechukua miaka 25 hadi 30, na wakapendekeza dola bilioni moja za kuanzia. Ripoti hiyo haikuwabeba Waogoni pia: ilionyesha vijana waliojiingiza kwenye kuiba na kuchemsha mafuta kienyeji walikuwa wanaongeza uchafu. Shell imekuwa ikisema sehemu kubwa ya umwagikaji inatokana na hujuma na wizi. Kwa Bodo, ambako mabomba yalipasuka mwaka 2008, ilikubali mwaka 2015 kulipa pauni milioni 55.

Juni 2025 Rais Bola Tinubu aliwasamehe wote tisa na kumpa Saro-Wiwa nishani ya taifa. Wapo walioshukuru. Wapo walioikataa, na mimi niko nao. Msamaha hupewa aliyekosa. Kinachodaiwa na familia nyingi na mashirika ya haki za binadamu ni hukumu ile ifutwe, majina yasafishwe. Kwenye karatasi hadi leo wale tisa ni wauaji waliohurumiwa.

Kuna mtu atasema hii ni Nigeria, sisi inatuhusu nini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 ziko Tanzania. Halipiti Simiyu. Linapita kwa majirani zetu, Geita na Shinyanga, mkoa ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake mpaka 2012. Si haki kusema ni Ogoni nyingine. Bomba hili linafukiwa, lina mkataba, kuna mpango wa fidia, na serikali zetu zinalitegemea kwa ajira na mapato. Pia kumekuwa na malalamiko ya fidia kuchelewa katika nchi zote mbili, na Kampala wanachuo wenzetu wamekamatwa zaidi ya mara moja kwa kuandamana kulipinga. Unaweza kuliunga mkono au kulikataa. Ninachouliza ni wangapi kati yetu, kwenye vitivo vya sheria, uchumi, jiolojia na elimu, tumewahi kufungua hata ripoti yake ya tathmini ya mazingira.

Na yule mwanafunzi wa kidato cha tatu, jibu lake lipo nusu. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ambao kimsingi ni hela za nchi zilizochafua, uliidhinisha zaidi ya yuro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Busega, Bariadi na Itilima. Kwenye makaratasi unaitwa msaada. Nilimweleza kwamba Saro-Wiwa asingeliandika hivyo kwenye daftari lake, angeliweka safu ya madeni. Akacheka, kisha akauliza maji yatafika kwao lini.

Mwaka 2000 kijijini kwao Bane familia ilifanya mazishi ya ishara, mwili ukiwa bado haujapatikana. Jeneza liliwekwa kiko chake na vitabu. Moto wa gesi Ogoni ulizimika Shell ilipoondoka, ingawa sehemu nyingine za delta unawaka. Usafishaji ulizinduliwa mwaka 2016 na unaendelea. Tangu mwanzoni mwa 2025 serikali ya Nigeria imekuwa na mazungumzo na viongozi wa Waogoni kuhusu kuanza kuchimba tena. Visima vipo vilevile, na vijana wa Bori, wengi wao wamezaliwa baada ya kamba ile kama mimi, ndio watakaoulizwa.